Vidonge vya Nchi Isiyopungua

Nchi ninayotaka kuwaeleza sitaitaja jina, na si kwa woga. Ni kwa sababu jina lenyewe halimaliziki. Tulipopata uhuru lilikuwa neno moja fupi. Kila sikukuu ya taifa likaongezwa sifa: Tukufu, Shupavu, Yenye Neema, na mwaka juzi Isiyoshikika. Siku hizi mtangazaji wa redio akianza kulisoma, unaweza kuinjika chai, ukainywa, ukaosha kikombe, ndipo taarifa ya habari ianze. Kulifupisha ni kosa la jinai, maana kwetu ipo sheria moja inayofuatwa kuliko zote, nayo ni Sheria ya Ongezeko. Inasema hakuna kitu katika jamhuri kitakachopungua.

Wageni hucheka. Sisi tumezoea. Mto ukikauka wakati wa kiangazi, askari husimama kingo zote mbili kuwazuia watu wasiutazame. Mwezi ukishapevuka, gazeti la serikali huacha kuutaja mpaka uandame tena. Mkubwa akikosea hafukuzwi kazi; hupandishwa cheo mpaka mahali ambapo hakuna barabara ya kurudia. Mimi binafsi naiona ni sheria nzuri. Nani anapenda kupungua?

Naitwa Mhina, Afisa Habari wa Kiwanda cha Dawa cha Taifa. Kazi yangu ni kuandika habari njema, na zikikosekana, kuandika zilizopo na kuzipa kichwa chema. Nina sauti nzuri pia, watu husema, na kama mtakavyoona, sauti hiyo imenifikisha mbali.

*

Kiwanda chetu kimezungukwa na mashamba ya mkonge pande zote. Asiyeujua mkonge ajue kwamba ukilisaga jani lake, singa unazopata, zile nyuzi za kusokotea kamba, ni chache mno. Kilichobaki chote ni maji ya kijani yanayowasha ngozi na kunuka kama kitu kilichosahauliwa, na kwa miaka mingi tuliyamwaga mtoni bila kuwaza. Kisha akaja Daktari Nambiza Shekolowa, mkemia, mwanamke mrefu mwenye tabia ya kunusa kila kitu kabla ya kukisemea, hata watu. Aliyanusa yale maji, akasema ndani yake mna kitu kinachoitwa hekojenini, na kwamba mwenye subira anaweza kuigeuza hekojenini kuwa dawa za jamii ya kotikosteroidi, zile zinazotuliza pumu, uvimbe na maungo yanayouma. Dawa hizo tulikuwa tukiziagiza ng'ambo.

"Miaka yote hii mmekuwa mkiwatibu kambale," alituambia.

Siku ya ufunguzi alikuja Waziri wa Ongezeko, Mheshimiwa Gombero, akataka aelezwe. Daktari Shekolowa alichora ubaoni pete nne zilizoshikana, kama vyumba vya nyumba moja.

"Kila kaboni humu ina namba yake," alisema. "Mkonge umeiweka oksijeni kwenye kaboni ya kumi na mbili. Ikikaa hapo haimtibu mtu. Kazi yetu kubwa ni kuihamishia kwenye ya kumi na moja."

Waziri aliacha kujipepea. "Kutoka kumi na mbili kwenda kumi na moja?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Huko ni kushuka, Daktari."

"Ni anwani tu, mheshimiwa."

"Hata anwani zina sheria. Ihamishieni kumi na tatu."

Daktari alivuta hewa puani, akamnusa kwa mbali. Alieleza kwamba kaboni ya kumi na tatu imeshikwa pande zote, haina mkono ulio wazi wa kuipokea oksijeni. Waziri akasema basi namba zipangwe upya, na ubao ukafutwa hapo hapo. Zikahesabiwa kutokea upande wa pili, na oksijeni ikawa inapanda cheo. Ndani ya mitungi iliendelea kwenda pale pale ilipokuwa ikienda, kwa kuwa oksijeni haisikilizi redio.

"Na hizo kaboni zote," Waziri aliuliza, sasa akiwa ameshaionja kemia na kuipenda, "mnaanza nazo ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Mnamaliza na ngapi?"

Daktari alipangusa chaki vidoleni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ishirini na moja."

Waziri alihesabu kwa vidole. "Sita zimekwenda wapi?"

"Zimekatwa. Ni mkia tu, hauna kazi."

"Katika jamhuri hii hakuna kinachokatwa."

Mimi ndiye niliyeiokoa siku ile, na nasema bila kujivuna. Niliinua mkono nikasema, mheshimiwa, zile sita zimehamia. Uso wa Waziri ukafunguka. Alinishika mkono, akalirudia neno hilo mara kadhaa akilionja ulimini. Zimehamia. Alisema litafaa kwa mengi.

*

Mke wangu Siwema alifanya kazi katika chumba cha brashi, ambako singa husafishwa, na vumbi la humo lilikuwa limehamia kifuani mwake. Akipumua ulisikia filimbi. Kwa miaka mingi nililala nikiisikiliza kwa hofu, kwa sababu ikinyamaza sikujua kama amepata nafuu au amekufa.

Vidonge vya kwanza vilipotoka, Daktari Shekolowa alimpa yeye. Hazikupita siku nyingi nikaamka nikamkuta jikoni, ameketi anakula viazi vya jana na kucheka peke yake.

"Mume wangu," akaniambia, "njoo usikie."

Akavuta pumzi, akaiachia. Hakukuwa na filimbi. Nililia pale pale mlangoni, na sioni haya kusema.

Baada ya hapo yakaja mashavu. Siwema alikuwa mwembamba tangu usichana, lakini dawa ile humpa mtu hamu ya kula na kumvimbisha uso, na uso wake ukawa mviringo kama sahani. Mheshimiwa Gombero alipita ukaguzini akamwona, akasimama. Wiki hiyo hiyo wachoraji walikuja na ngazi, wakauchora uso wa mke wangu ukutani mwa kiwanda, mkubwa kuliko nyumba yetu, na chini yake wakaandika: ONGEZEKO LINAONEKANA. Kisha likatoka agizo kwamba wafanyakazi wote, wazima kwa wagonjwa, wameze kidonge kila asubuhi kabla ya kazi.

Mji ukanawiri. Tulianza kufanana sana, mpaka ikabidi tutambuane kwa viatu. Ngozi zetu zikawa nyepesi, ukimshika mtu mkono kwa nguvu ulimwachia alama ya bluu, kwa hiyo tukaacha kushikana mikono na kusalimiana kwa vichwa. Usingizi ukatutoka. Watu walifagia nyua zao kabla ya jogoo, wakamaliza, wakafagia tena. Niliandika kwamba wananchi wamejitolea kulitumikia taifa hata katika saa za kulala, na habari hiyo ilisomwa redioni mara nyingi.

Daktari Shekolowa peke yake hakufurahi. Kwa kuwa tabibu wa zahanati alikuwa amepandishwa cheo, yeye aliongezewa na kazi ya kutibu. Siku moja aliniita maabara.

"Juu ya kila figo lako kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia," alisema. "Tangu ulipozaliwa inakutengenezea kitu kinachofanana na dawa hii, kidogo kidogo, kila siku. Sasa tumeileta kwa mapipa. Tezi zimeona hazina kazi, zimelala. Mji mzima, Bwana Mhina, zimelala."

"Si zipumzike kidogo?"

"Vidonge vikikatika ghafla hazitaamka kwa wakati. Mtu atalegea, atatapika, ataanguka. Namna ya kumtoa ni moja tu. Kumpunguzia pole pole, wiki baada ya wiki, mpaka tezi ziamke zenyewe."

Nilikwenda kufunga mlango, maana alikuwa ametamka lile neno.

*

Mkonge huchanua mara moja tu, kisha hufa. Mwaka ule mashamba mengi yalichanua kwa pamoja. Milingoti ilisimama mpaka upeo wa macho, mizuri kweli, na chini yake majani yakanyauka. Mitungi ya kiwanda ikabaki na mashapo. Vidonge vilivyokuwa ghalani Mheshimiwa Gombero aliviuza vyote ng'ambo ili mauzo ya nje yaongezeke, na sisi tukatangaziwa kwamba huduma ya vidonge kwa wafanyakazi imekamilika. Kulikuwa na ngoma na soda. Kukamilika, mnaelewa, si kupungua.

Wa kwanza alikuwa Mbelwa, mtu wa boila. Alisema miguu anayotembelea si yake. Akatapika, akaketi kwenye ngazi za boila, akaniomba maji. Nilipoyaleta hakuyahitaji tena. Tulimzika mchana bila kulia kwa sauti, kwa sababu hatukujua kama kulia kunaruhusiwa.

Kesho yake asubuhi tulijipanga uwanjani kama kawaida. Kila mtu ana nafasi yake pale, na mwitaji, Bwana Singano, huwa na majina yetu yote kichwani. Hatumii karatasi, maana karatasi huisha. Akaita, tukaitika. Akafika kwa Mbelwa, kukawa kimya. Akaita tena. Upepo ulikuwa ukipita kwenye mikonge mikavu na hatukusikia kitu kingine.

"Mbelwa amehamia," mtu mmoja akasema.

"Amehamia sawa," alijibu Singano, "lakini idadi haihami."

Waziri alipopigiwa simu akatoa uamuzi wa busara. Aliyehamia ataendelea kuitwa, na nafasi yake uwanjani itabaki wazi, na ataitikiwa. Kwa ajili ya sauti yangu nilichaguliwa mimi. Niliona fahari, siwafichi. Mbelwa alikuwa na sauti iliyokauka kwa moshi, nikaifuata vizuri. Nikasema, "Yupo," na Singano akaendelea na jina jingine.

Wakafuata wengine. Mama Nyangasa wa kufungasha marobota, aliyekuwa akiitika kama anayekemea kuku. Ndugu wawili wa ghalani, mkubwa akitangulia na mdogo akimfuata kabla hajamaliza. Niliwaitikia wote, kila mmoja kwa sauti yake, na nafasi zao zikawa wazi katika mistari yetu kama meno yaliyong'oka. Hatukusogea kuziziba. Kabla masika hayajaisha nilikuwa nikiwaitikia watu wengi kuliko wale waliokuwa wakijiitikia wenyewe.

Hapo ndipo jambo moja lilipoanza kunisumbua. Kila Singano alipoita "Mbelwa," nilifungua kinywa, na kabla sijatoa sauti alikuwa amekwisha kupita kwenye jina linalofuata, ameridhika kabisa, kama mtu aliyekwisha kuitikiwa. Nilidhani nimechelewa. Nilidhani nimechoka. Nilipomweleza Siwema hakucheka, naye ni mtu wa kucheka.

*

Siwema alikuwa bado anameza. Uso uliochorwa ukutani usingeachwa ulegee, kwa hiyo yeye peke yake alitengewa kopo lake la vidonge, na kila wiki Mkaguzi wa Ongezeko alikuja nyumbani kuhakikisha idadi anayomeza haishuki. Lakini kopo lina mwisho wake. Kila nilipolitikisa lilikuwa jepesi zaidi, na nilijua siku likinyamaza nitaanza kujifunza sauti ya mke wangu ili nimwitikie na yeye. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nilikwenda maabara nikamwangukia Daktari Shekolowa miguuni.

"Inuka," alisema. "Unanuka woga. Lete hilo kopo."

Alivisaga vidonge vyote, akachanganya na unga wa muhogo, akavifinyanga upya. "Sitapunguza kitu," alisema. "Wiki hii atameza kimoja. Wiki ijayo viwili. Halafu vitatu, halafu vinne."

"Daktari, unataka kumuua?"

"Onja hiki." Nilikionja, kilikuwa kichungu mpaka masikioni. "Sasa onja cha mwisho." Kilikuwa ugali mtupu. "Vidonge vitaongezeka kila wiki," alisema, "na dawa iliyo ndani yake haitamhusu mkaguzi."

Basi ndivyo tulivyofanya. Wiki za katikati zilikuwa mbaya. Siwema alilia kwa maumivu ya maungo, alisimama akayumba, na kuna asubuhi alizoniomba nimpe kidonge kimoja tu cha zamani. Mimi nilimshika mkono, taratibu kwa sababu ya ngozi yake, nikamwambia hakipo. Mkaguzi alikuja akahesabu, akasifu. Kufikia mwisho mke wangu alikuwa akitafuna vidonge kwa kiganja kama njugu, na mkaguzi akampigia makofi, na vyote vilikuwa muhogo.

Kisha asubuhi moja aliniambia ana njaa. "Si ile ya vidonge," alisema. "Hii ni yangu." Nikaelewa kwamba zile kofia mbili zimeamka. Kwa kuwa tangu achorwe ukutani hakuwa tena chumba cha brashi, kifua chake kilibaki kimetulia. Alipumua bila filimbi na bila dawa, na mimi nilikaa nikamsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

Nilimwuliza Daktari kwa nini hakufanya hivyo kwa Mbelwa.

"Ghala walilifunga kwa kufuli," alisema. "Kopo lililobaki lilikuwa moja." Hakuninusa. Aligeuka akaanza kuosha chupa zilizokuwa safi.

Mwezi uliofuata alipandishwa cheo. Aliondoka na begi dogo, ndani ya gari ambalo halikuwa na namba. Siku hizi namwitikia na yeye. Kwanza navuta hewa puani, ndipo naitika.

*

Mashavu ya Siwema yalirudi yalivyokuwa. Alikuwa tena yule msichana mwembamba niliyemuoa, akiwa na mvi kidogo. Alijifunga kanga mpya akasema amechoka kukaa ndani kama mwizi na kuhesabiwa kwa ule uso wa ukutani, na siku hiyo anataka kwenda kujiitikia mwenyewe. Sikumzuia. Sikujua kwamba Mheshimiwa Gombero naye angefika asubuhi hiyo hiyo, kuja kuisikia idadi yetu kamili.

Singano aliita. Nilikuwa na kazi nyingi, koo langu likawaka. Kisha akafika.

"Siwema."

"Nipo," alisema mke wangu.

Singano aliinua kichwa. Waziri akatazama ukutani, ule uso mkubwa kama nyumba, kisha akamtazama mwanamke aliyesimama chini yake. Alitazama juu tena.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni Siwema, mheshimiwa," nikasema. "Mke wangu. Amepona."

"Siwema ni yule." Alionyesha ukuta. "Kama huyu naye ni Siwema, basi Siwema amepungua." Alisema kwa upole, kama daktari anayempa mtu habari mbaya. Akatia mkono mfukoni mwa koti akatoa kopo jipya, la vile vidonge vya kwenda ng'ambo. "Hakuna aliyeharibikiwa. Ameze, arudi."

"Nirudi wapi, mheshimiwa?" Siwema aliuliza. "Mimi niko hapa."

"Arudi kuwa Siwema."

Mke wangu aliliangalia kopo. Najua alikuwa akizikumbuka zile wiki za katikati, maana nami nilizikumbuka. Alivuta pumzi ndefu, akaiachia polepole.

"Basi mimi siye," alisema.

Waziri alionekana kushukuru. Mwanamke asiye Siwema hakuwa amepungua, kwa hiyo hakuwa na kosa wala hakuwa na haja ya dawa. Alilirudisha kopo mfukoni. Kisha akanigeukia.

"Afisa Habari," akasema. "Siwema ameitwa."

Nilimtazama mke wangu. Nikinyamaza, idadi imepungua, na kopo litatoka tena mfukoni. Nikiitika, atabaki na pumzi yake, na hatakuwa na jina, wala posho, wala mahali pa kusimama. Alinitikisia kichwa kidogo sana. Nilikuwa nimewasemea wafu wa mji mzima na sauti yangu haikuwahi kutetemeka.

"Yupo," nikasema, kwa sauti ya mke wangu, na ilitetemeka.

Singano akaita jina lililofuata.

Siwema alijitanda kanga yake, akatoka kwenye nafasi yake, akaanza kwenda nyumbani. Njia ya karibu ilikuwa katikati ya mistari, na sisi tuliobaki tulikuwa wachache, kwa hiyo alipita zaidi kwenye zile nafasi zilizo wazi. Hakuzikanyaga. Alifika kwenye ya Mama Nyangasa, akapinda akaizunguka. Aliwapitia ndugu wa ghalani pembeni, akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayekatisha mbele ya watu walioketi. Kwenye nafasi ya Mbelwa mistari ilikuwa imebanana na hapakuwa na pa kuzungukia. Akasimama.

"Naomba nipite, kaka," akasema.

Akasubiri. Kisha akapita.